Moduli za Maelekezo kwa Msaidizi wa Akili Mnemba: Namna ya Kuziandika, Kuzipanga na Kuzijaribu

Kila aliyefanya kazi na msaidizi wa akili mnemba kwa miezi kadhaa anaijua ile aya. Mara ya kwanza uliiandika kwa subira, mara ya pili kwa haraka, mara ya tatu ukaenda kuinakili kutoka mazungumzo ya juzi. Yangu mimi ilihusu kumbukumbu za vikao: "Usiandike kila mtu alisema nini. Andika kilichoamuliwa, nani atatekeleza na lini. Jambo ambalo halikuamuliwa usilitungie uamuzi." Mara ya nne nilisahau sentensi ya mwisho. Msaidizi akaandika, kwa Kiswahili safi kabisa, kwamba kikao kimeazimia jambo ambalo wajumbe walilijadili, wakalichoka, wakaliacha.

Moduli ya maelekezo ni aya hiyo ikipewa makazi yake: faili lenye jina, linaloeleza namna kazi moja inavyofanywa, na ambalo msaidizi hulifungua mwenyewe kazi hiyo inapojitokeza. Mwongozo huu ni kwa mtu anayetaka kuwa na moduli kumi au ishirini na bado akajua kila moja ipo kwa ajili gani. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta.

Hatua ya 1: Anza na daftari la masahihisho

Kosa ambalo wengi tunaanza nalo ni kukaa siku moja na kutoa moduli kumi kichwani. Nimelifanya. Zilipendeza kusoma, ila nusu yake zilimwagiza msaidizi mambo ambayo tayari alikuwa akiyafanya bila kuambiwa: andika kwa lugha fasaha, panga hoja vizuri, epuka makosa ya tahajia. Maelekezo kama hayo hayaharibu kitu moja kwa moja. Shida ni kwamba yanajaza nafasi na kuyafunika yale machache yenye uzito.

Kwa wiki mbili hivi usiandike moduli yoyote. Fungua faili tupu, na kila unapomsahihisha msaidizi, andika mstari mmoja: kazi ilikuwa ipi, alikosea wapi, ulimwambia nini mpaka akapatia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na masahihisho ni mali. Ukurasa wangu mmoja ulikuwa hivi:

- Kumbukumbu: ameweka azimio ambalo halikupitishwa. Nimemwambia atenganishe "kikao kiliazimia" na "kikao kilijadili".
- Barua: salamu ndefu mno. Nimemwambia aingie kwenye hoja.
- Kumbukumbu: waliotoa udhuru amewachanganya na wasiohudhuria bila taarifa.
- Kumbukumbu: ameandika "wiki ijayo". Nataka tarehe kamili.

Mistari mitatu kati ya minne inaelekea mahali pamoja, basi hapo ndipo penye moduli. Ile ya barua imetokea mara moja, nayo ingoje. Kipimo changu ni mara tatu: kosa likijirudia mara ya tatu linaingia kwenye moduli, kabla ya hapo linabaki daftarini.

Hatua ya 2: Chora mipaka

Mwaka 1972 David Parnas, mtaalamu wa programu za kompyuta, aliandika makala kuhusu namna ya kugawa programu katika moduli. Wakati ule mazoea yalikuwa kugawa kwa kufuata mtiririko wa kazi: kwanza hiki, kisha kile. Parnas alipendekeza njia nyingine, kwamba kila moduli ifiche ndani yake uamuzi mmoja mgumu au unaoelekea kubadilika, ili siku ukibadilika, sehemu nyingine zisiguswe. Alikuwa akizungumzia programu za kompyuta, lakini wazo hilo linaingia hapa kama mkono kwenye glavu iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Jiulize swali hili kwa kila moduli: ni mabadiliko gani yatakayonilazimu kulifungua faili hili tena? Ukipata jibu moja, mipaka ni sahihi. Ukipata majibu mawili yasiyohusiana, una moduli mbili zilizobanwa kwenye faili moja. Mimi mwanzoni nilikuwa nimeweka mpangilio wa kumbukumbu na orodha ya wajumbe pamoja na vyeo vyao mahali pamoja. Mpangilio hubadilika kwa nadra sana, ila orodha hubadilika kila uchaguzi. Kila nilipoingia kurekebisha cheo cha mtu nilijikuta nimegusa na sentensi za mpangilio ambazo hazikuwa na tatizo. Nikavitenganisha.

Usizidishe lakini. Moduli ya mistari mitatu ambayo haijawahi kutumika bila ile nyingine, irudishe kwa mwenzake.

Hatua ya 3: Andika maelezo ya utambulisho kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo moduli nyingi hufia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Oktoba 2025 kampuni ya Anthropic, inayotengeneza msaidizi aitwaye Claude, ilitoa mpangilio inaouita Agent Skills, na Desemba ya mwaka huohuo ikautangaza kuwa kiwango huria ambacho programu za kampuni nyingine zinaweza kukifuata. Katika mpangilio huo kila moduli ni folda, na ndani ya folda lazima pawe na faili liitwalo SKILL.md. Juu kabisa ya faili hilo kuna sehemu mbili za lazima: jina na maelezo. Jina halizidi herufi 64 na huandikwa kwa herufi ndogo, tarakimu na vistari tu, mfano `kumbukumbu-za-kikao`. Maelezo yana kikomo cha herufi 1,024. Baada ya hapo unafuata mwili wa maelekezo yenyewe.

Mazungumzo yanapoanza, msaidizi hasomi moduli zako zote. Anawekewa mbele majina na maelezo peke yake. Akiona kazi aliyopewa inaafikiana na maelezo fulani, hapo ndipo anafungua mwili. Na kama mwili unamwelekeza kwenye faili jingine ndani ya folda, analifungua linapohitajika. Ngazi tatu, na kila moja ina gharama yake, yaani nafasi inayochukua katika yale anayosoma msaidizi: ya kwanza unailipia kila mazungumzo, ya pili na ya tatu siku ya kazi tu. Ndiyo maana moduli thelathini zinaweza kukaa pamoja bila kumlemea msaidizi.

Maana yake ni kwamba mwili mzuri wenye maelezo mabaya ni sawa na haupo. Hautafunguliwa. Maelezo yangu ya kwanza yalikuwa haya:

> Moduli hii inasaidia katika masuala ya vikao.

Masuala gani? Ajenda? Mialiko? Msaidizi wakati mwingine aliifungua, wakati mwingine hakuifungua, na sikuweza kumlaumu. Haya ndiyo ya sasa:

> Huandaa kumbukumbu rasmi za kikao kutokana na vidokezo vya katibu, maandishi ghafi au mazungumzo yaliyonakiliwa kutoka kwenye sauti. Itumike mtumiaji anapoomba kumbukumbu, muhtasari wa kikao, yaliyojiri au orodha ya maazimio, hata kama amebandika tu maandishi ya kikao na kuomba yanyooshwe. Isitumike kutafsiri au kuhariri kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa.

Kuna mambo matatu ndani yake: moduli inafanya nini, ifunguliwe lini, isifunguliwe lini. Hilo la pili liandike kwa maneno ambayo watu hutamka kweli. Hakuna anayesema "naomba uandae nyaraka rasmi ya kikao". Mmoja husema "muhtasari", mwingine "yaliyojiri", mwingine anabandika kurasa nne na kuandika "ninyooshee hii".

Ile sentensi ya mwisho ina historia. Niliwahi kumpa msaidizi kumbukumbu zilizothibitishwa na kutiwa saini, kazi ikiwa kuzitafsiri tu. Moduli ikafunguka, naye kwa moyo mweupe akazipanga upya kwa mpangilio wangu: akaunganisha vipengele viwili, akafupisha kimoja. Tafsiri ilikuwa nzuri, ila haikuwa tena tafsiri ya ile nyaraka. Niligundua kwa bahati tu, kwa sababu namba za aya za lugha mbili hazikulingana.

Hatua ya 4: Andika mwili kama unamwachia kazi mtu hodari asiyekujua

Mtu wa namna hiyo humfundishi kusoma. Humwambii kikao ni nini. Unamwambia kile ambacho hawezi kukijua kwa akili yake mwenyewe: mazoea yenu, mitego, na sababu.

Sababu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Moduli zangu za zamani zilijaa KAMWE na LAZIMA kwa herufi kubwa, kama mabango ya onyo. Amri isiyo na sababu hufuatwa pale inapofaa na pale isipofaa vilevile, kwa kuwa msaidizi hana cha kupimia. Linganisha "KAMWE usitaje majina ya wasemaji" na hii: "Usitaje aliyetoa maoni, kwa sababu kumbukumbu husomwa na watu ambao hawakuwepo, na maoni ya mjumbe hayapaswi kuonekana kama msimamo wa kikao. Aliyepewa kazi mtaje, maana yeye atafuatiliwa." Kwa maelezo haya ya pili, msaidizi anajua la kufanya hata kikitokea kisa ambacho hukukifikiria, kwa mfano mjumbe aliyeomba mwenyewe pingamizi lake liandikwe.

Huu ni mwili wa moduli yangu, nikiwa nimeupunguza kidogo:

```
Kumbukumbu husomwa na mjumbe ambaye hakuwepo na
anataka kujua mambo mawili: kimeamuliwa nini, na
nani anatakiwa kufanya nini. Pima kila sentensi kwa
mtu huyo.

Vichwa, kwa mpangilio huu bila kubadilisha:
Mahudhurio, Kufunguliwa kwa kikao, Kuthibitisha
kumbukumbu zilizopita, Yatokanayo, Ajenda za kikao,
Mengineyo, Kufungwa kwa kikao.

Azimio ni lile tu ambalo maandishi yanaonyesha wazi
kwamba lilikubaliwa. Kama halionekani, andika
"Kikao kilijadili... bila kufikia uamuzi."

Kila azimio: tendo, mtekelezaji, tarehe kamili.
Kimoja kikikosekana, andika HAIKUTAJWA mahali pake,
kisha mwishoni mwulize mtumiaji yote kwa pamoja.

Mfano
Maandishi: "tukasema Katibu aangalie lile suala la
ukumbi, kabla ya kikao kijacho"
Kumbukumbu: "Kikao kiliazimia Katibu afuatilie
upatikanaji wa ukumbi. Mtekelezaji: Katibu. Tarehe:
HAIKUTAJWA (kabla ya kikao kijacho)."
```

Angalia mahali nilipokaza na mahali nilipolegeza. Vichwa vimekazwa, kwa sababu msomaji huvitafuta palepale kila mara. Lugha ndani ya ajenda sikuigusa kabisa, msaidizi anaimudu. Kosa la kawaida ni kukaza kila kitu kwa nguvu ileile, matokeo yake maandishi yanatoka makavu kama fomu.

Na ule mfano mdogo mwishoni umefanya kazi kubwa kuliko aya tatu nilizokuwa nazo kabla yake. Mfano mmoja wenye utata kidogo, ambapo jibu sahihi si la moja kwa moja, unafundisha zaidi ya mifano mitano myepesi. Ila chagua kwa uangalifu: msaidizi huiga hata urefu wa sentensi za mfano.

Jambo la kwamba msaidizi afanye nini taarifa zikipungua, nalo liandike waziwazi. Usipoliandika atajaza pengo, na atajaza vizuri kiasi kwamba hutaona kiraka.

Hatua ya 5: Hamisha vya pembeni

Pendekezo la Anthropic ni mwili usizidi mistari 500. Mimi nikifika 100 huanza kujiuliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli za lugha, yaani mitambo inayowaendesha wasaidizi hawa, zikipewa maandishi marefu, hutumia vizuri zaidi taarifa zilizo mwanzoni na mwishoni kuliko zilizozama katikati. Modeli zimeboreka tangu hapo, lakini sijaona sababu ya kulizika agizo muhimu kwenye mstari wa 240.

Vinavyofaa kuhamishwa ni vya aina tatu. Marejeo, kama ile orodha ya wajumbe na vyeo. Violezo, yaani nyaraka tupu ya kujazwa. Na skripti, yaani programu fupi, kwa kazi za kuhesabu na kukagua ambazo jibu lake ni moja tu. Kuhakikisha akidi imetimia ni hesabu: idadi ya wajumbe, idadi ya waliohudhuria, kiwango kinachotakiwa na katiba ya kikundi. Mpe msaidizi skripti fupi aiendeshe badala ya kumwachia akadirie.

Katika mwili, sema kila faili linafunguliwa lini: "Ukikutana na jina lisilo na cheo, fungua `marejeo/wajumbe.md`." Kusema tu "tazama pia wajumbe.md" hakutoshi. Na mafaili yote yaelekezwe kutoka kwenye mwili wenyewe. Faili likimtuma msaidizi kwenye faili, na hilo nalo likamtuma kwingine, huwa anasoma vipandevipande na kuacha mengine njiani.

Hatua ya 6: Panga ghala zima

Gawa kwanza kati ya yanayohusu kila kazi na yanayohusu kazi moja. Yanayohusu kila kazi, kama lugha ya mawasiliano au namna ya kuandika tarehe, yakae kwenye faili la jumla ambalo msaidizi husoma kila anapoanza. Kwenye miradi ya programu faili hilo mara nyingi huitwa AGENTS.md, na baadhi ya zana zina jina lao. Liwe fupi sana, maana hilo unalilipia kila mazungumzo.

Moduli zote ziite kwa jina la kazi. `kumbukumbu-za-kikao` na `barua-ya-mwaliko` zinajieleza. `msaidizi-mkuu` na `zana-mpya-2` utazikuta baada ya miezi mitatu na usijue ni za nini.

Tatizo kubwa la ghala ni moduli kugongana, nalo huja kimyakimya. Moja inataka tarehe iandikwe "4 Machi", nyingine "04/03". Zikifunguliwa zote mbili katika kazi moja, msaidizi atachagua, na kesho atachagua tofauti. Mafahali wawili hawakai zizi moja: kanuni ya tarehe iwe na makazi mamoja tu, kwenye faili la jumla, na moduli zote mbili zifutwe mstari huo. Ninapoongeza moduli mpya husoma maelezo ya zote zilizopo, moja baada ya nyingine, nikitafuta sentensi ya mtumiaji inayoweza kuziita mbili kwa pamoja. Nikiipata, naandika "isitumike" kwenye mojawapo.

Hatua ya 7: Jaribu, bila kujipendelea

Kujaribu moduli kwenye mazungumzo uliyoiandikia si kujaribu. Msaidizi ameshasikia mnachotaka. Fungua mazungumzo mapya.

Tayarisha maombi kama kumi. Sita yawe yanayopaswa kuiita moduli, kwa maneno tofauti, mojawapo likiwa la ovyo kama watu wanavyoandika wakiwa na haraka. Manne yawe majirani: maombi yanayofanana kwa sura lakini moduli isifunguliwe, mfano kuandaa ajenda. Moduli isiyofunguka inapotakiwa, rekebisha maelezo, usiguse mwili. Ikifunguka na kazi ikatoka vibaya, hapo sasa gusa mwili.

Kisha fanya jambo ambalo wengi wanaliruka: endesha maombi yaleyale bila moduli. Weka matokeo mawili kando kwa kando, na ikiwezekana mtu mwingine ayasome bila kujua lipi ni lipi. Moduli yangu ya barua ilianguka hapa. Barua zilizoandikwa bila moduli zilikuwa sawa, mbili kati yake bora zaidi. Niliifuta siku hiyohiyo, kwa uchungu kidogo, maana nilikuwa nimeipamba.

Ombi moja liendeshe zaidi ya mara moja. Majibu hayatoki sawa kila mara, na kosa linalotokea mara moja katika tano hutaliona kwa jaribio moja.

Hatua ya 8: Tunza, na uwe mwangalifu na za watu

Weka ghala kwenye Git au mfumo wowote unaohifadhi matoleo, ili ubadilishe sentensi moja, uone matokeo, urudi nyuma ukitaka. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Nywila na funguo za siri zisiingie kwenye moduli kabisa, hata kwa muda.

Moduli uliyopewa na mtu au uliyoipakua, isome yote kabla ya kuiwasha, skripti zake zikiwemo. Mwaka 2022 mtaalamu wa programu Simon Willison alilipa jina la *prompt injection* tatizo la maandishi ya mtu mwingine kugeuka amri kwa msaidizi wako. Na moduli ngeni hulirahisishia njia tatizo hilo kabisa, kwa kuwa unaiingiza wewe mwenyewe na kumwambia msaidizi aitii. Skripti inayotuma data nje bila sababu inayoeleweka, au agizo la kutomwambia mtumiaji jambo fulani, zinatosha kuifuta folda nzima.

Modeli mpya ikitoka, rudia jaribio la bila moduli. Kila mara hukuta mistari ambayo haihitajiki tena. Moduli ya kumbukumbu ilianza na mistari 80 na ushee, na sasa inakaribia 30. Ule mstari wa kutotunga maazimio niliutoa pia, nione itakuwaje. Jaribio la kwanza likaenda vizuri, la pili vilevile. La tatu, kikao kikawa kimeazimia kujenga uzio ambao mjumbe mmoja tu aliutaja, tena kwa utani. Nikaurudisha.